Road Rash: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara kuhusu Gemu ya Mbio na Mapambano ya Pikipiki

Majibu yafuatayo yanawahusu watu wa aina mbili: wale waliowahi kuicheza Road Rash kwenye kompyuta ya ofisini au katika kibanda cha gemu na sasa wanatamani kuirudia, na wale wanaoisikia ikitajwa na wakubwa zao bila kujua sifa zake zinatoka wapi. Maswali yamepangwa kwa jinsi yanavyokuja, yaani kuanzia ya uchezaji hadi ya matoleo na upatikanaji wake leo.

Road Rash ni gemu ya aina gani?

Ni gemu ya mbio za pikipiki zinazofanyika kinyume cha sheria kwenye barabara za kawaida, zenye magari ya raia yanayokwenda na kurudi, ambamo washindani hupigana ngumi, mateke na marungu wakiwa katika mwendo wa kasi. Gemu za pikipiki zilikuwapo kabla yake. Sega, kwa mfano, ilitoa Hang-On mwaka 1985, lakini hiyo ilikuwa ya mbio tupu, ambapo adui wa mchezaji alikuwa saa na kona. Road Rash ilimfanya mwendeshaji aliye ubavuni mwako awe hatari sawasawa na kona iliyo mbele yako, na kukulazimisha uvitazame vyote viwili kwa wakati mmoja.

Watu wengi huieleza kama gemu ya kupigana juu ya pikipiki. Maelezo hayo si ya uongo, lakini yanampotosha mchezaji mpya, kwa sababu anayeingia kwa nia ya kupigana tu hufilisika mapema. Hii ni gemu ya mbio ambayo ndani yake kila pigo lina gharama: ukinyoosha mkono kumpiga mwenzako, macho yako yameondoka barabarani, na barabara haikusubiri. Majibu mengi yaliyo hapa chini yanatokana na jambo hilo moja.

Ilitengenezwa na nani, na ilitoka lini?

Toleo la kwanza lilitolewa na kampuni ya Electronic Arts ya Marekani mwaka 1991 kwa ajili ya Sega Mega Drive, mashine ambayo Wamarekani waliijua kwa jina la Genesis. Miongoni mwa waliohusika zaidi ni Randy Breen, Carl Mey na Dan Geisler. Katika muziki alikuwamo Rob Hubbard, Mwingereza aliyekwisha kujijengea heshima kubwa kwa nyimbo za gemu za kompyuta ya nyumbani ya Commodore 64. Gemu hiyo iliwekwa California, nyumbani kwa kampuni yenyewe, na barabara zake tano ziliitwa kwa majina ya sehemu za jimbo hilo: Sierra Nevada, Pacific Coast, Redwood Forest, Palm Desert na Grass Valley.

Mbio moja inaendaje tangu mwanzo hadi mwisho?

Katika toleo la 1991 mchezaji huanza na pikipiki dhaifu, Shuriken 400, na fedha kidogo mfukoni. Gemu ina hatua tano, na katika kila hatua anatakiwa afuzu katika barabara zote tano, ambapo kufuzu maana yake ni kumaliza katika nafasi ya nne au juu yake. Akifuzu barabara zote anapanda hatua inayofuata, na humo atazikuta barabara zilezile zikiwa ndefu zaidi, wapinzani wakiwa na kasi zaidi na wakali zaidi.

Mbio zinapoanza mchezaji yuko nyuma ya kundi. Chini ya kioo kuna vipimo vinavyomwonyesha mwendo wake, nguvu zake mwenyewe, nguvu za mpinzani aliye karibu naye na hali ya pikipiki yake. Vipimo viwili kati ya hivyo ndivyo vya kuchunga. Nguvu za mwendeshaji zikiisha kwa kupigwa, anaangushwa. Zitamrudia akiinuka, kwa hiyo hasara yake ni muda tu. Hali ya pikipiki ni jambo jingine, kwa kuwa kila ajali huipunguza, na ikiisha kabisa mbio zinakoma palepale na mchezaji analetewa gharama za matengenezo.

Kuanguka kwenyewe kumetengenezwa kwa uangalifu ambao gemu nyingi za wakati ule hazikuwa nao. Mwendeshaji hurushwa kutoka kwenye tandiko, akabiringika juu ya lami, na pikipiki yake ikaserereka na kwenda kusimama mahali pengine. Kisha anainuka, anageuka na kuanza kukimbia kwa miguu kuifuata, na wakati huo magari yanaendelea kupita na yanaweza kumgonga tena. Sekunde hizo za kukimbia, huku wapinzani uliowaacha nyuma wakikupita mmoja baada ya mwingine, ndizo zinazomfundisha mchezaji bei ya uzembe kuliko maandishi yoyote ya mwongozo.

Kupigana kunafanyikaje, na rungu linapatikana wapi?

Ukiwa ubavu kwa ubavu na mpinzani, kitufe cha kupiga humrushia ngumi, na ukikitumia pamoja na kitufe cha mwelekeo unaweza kumpiga teke. Ngumi humpunguzia nguvu. Teke lina faida nyingine, kwani humsukuma kando, na hiyo ndiyo sababu wachezaji wazoefu hulipendelea: si lazima ummalize mpinzani kwa mikono yako ikiwa mita chache mbele kuna gari linalokuja upande wake.

Rungu hupewi mwanzoni. Wanalo baadhi ya wapinzani, nawe unapaswa kumnyang'anya mmoja wao. Mbinu ni kukaa karibu naye, kungoja aunyanyue mkono wake tayari kukupiga, kisha kupiga wewe katika nafasi hiyo fupi. Ukipatia, rungu linahamia mkononi mwako na utamwona akibaki na mkono mtupu. Ukichelewa, unapigwa nalo. Ukiwahi mno, unakuwa umerusha ngumi ya kawaida tu. Mchezaji mpya hukosea kwa kuwa na pupa, kwa hiyo ushauri wangu ni kuacha kubonyeza ovyo na kumtazama mpinzani bega. Lifanye zoezi hilo katika sehemu ya barabara iliyonyooka na isiyo na magari, kwa kuwa kulijaribu kwenye kona ni kutafuta ajali.

Toleo la pili, la mwaka 1992, liliongeza mnyororo, na la tatu likaja na silaha nyingi zaidi. Kadiri silaha zilivyozidi ndivyo hamu ya kuzitumia ilivyozidi, lakini hesabu ya msingi haikubadilika.

Je, ni lazima kupigana ili kushinda?

Hapana, na katika hatua za kwanza mchezaji makini anaweza kufuzu bila kumgusa mtu, mradi asianguke. Ugumu unakuja kuanzia hatua ya tatu, wapinzani wanapokuwa na pikipiki zinazolingana na yako au kuizidi. Hapo kuna wakati ambapo mtu amekuziba njia kwa makusudi na hutampita kwa kasi peke yake.

Kanuni ninayoifuata ni kumpiga yule tu ambaye, nisipompiga, atanipiga yeye au atanizuia. Anayekwenda upande wa pili wa barabara bila kukusumbua umwache. Zaidi ya hayo, wapinzani katika gemu hii wana majina na tabia zao, na namna unavyowatendea hubadilisha namna wanavyokutendea: aliyezoea kupigwa nawe atakuandama. Natasha, mmoja wa waendeshaji hao, hujulikana kwa kuwa na urafiki na kumpa mchezaji mashauri, lakini urafiki huo haudumu kwa mtu anayempiga.

Fedha zinatumikaje, na ninunue pikipiki mpya lini?

Kila unapomaliza mbio katika nafasi nzuri unapewa zawadi ya dola, na fedha hizo zina matumizi matatu: kununua pikipiki, kulipia matengenezo pale pikipiki inapoharibika kabisa, na kulipa faini unapokamatwa na trafiki. Ukidaiwa na huna cha kulipa, gemu imekwisha. Kwa hiyo mtu mwenye pikipiki nzuri na mfuko mtupu yuko katika hatari kubwa kuliko mwenye pikipiki ya wastani na akiba.

Kosa la kawaida ni kununua pikipiki mpya mara tu fedha zinapotosha. Usifanye hivyo. Subiri hadi uwe na bei yake pamoja na kiasi kinachotosha matengenezo au faini angalau mara moja, kwa sababu mbio mbili za kwanza juu ya pikipiki ngeni ndizo utakazoanguka mara nyingi zaidi. Kumbuka pia kwamba unaruhusiwa kurudia barabara uliyokwisha kufuzu ili kujikusanyia fedha kabla ya kuigusa ile ya mwisho itakayokupandisha hatua. Ukishapanda, zawadi zinaongezeka, lakini wapinzani nao wanaongezeka makali, na pikipiki uliyokuja nayo inaonekana imezeeka ghafla.

Jambo jingine ambalo duka la pikipiki halikuambii kwa uwazi ni kwamba kasi ya juu si kila kitu. Diablo 1000, ambayo ndiyo kilele cha toleo la kwanza, ina kasi ya kutisha, lakini kasi hiyo inakufikisha kwenye gari lililo mbele kabla hujapata muda wa kufikiri. Katika barabara yenye kona nyingi, pikipiki inayotii mkono huleta matokeo bora kuliko inayoruka kama risasi.

Trafiki wananikamata kila mara. Nifanyeje?

Askari wa pikipiki hakukamati kwa kukugusa. Anakukamata ukiwa umeanguka au umesimama naye yuko karibu. Maana yake ni kwamba tatizo lako si askari bali ni ajali zako. Unapomwona anakukaribia, punguza tamaa ya kupita magari kwa kujipenyeza, shika upande wako wa barabara na hakikisha huanguki. Unaweza kumpiga teke na kumwangusha kama mpinzani mwingine yeyote, nayo ni njia halali ndani ya gemu, ila ni mchezo wa kamari kwa sababu mkianguka pamoja wewe ndiye mwenye hasara.

Kwa nini vilima vinanisumbua kuliko kona?

Kwa sababu kona unaiona kabla, ilhali kilele cha kilima kinaficha kilicho nyuma yake. Watengenezaji walilitumia jambo hilo kwa makusudi: unaruka kileleni, pikipiki iko hewani kwa muda mfupi, na ukitua unakuta gari limeshafika. Tiba yake ni kukaa upande wako wa barabara kila unapopanda, hata kama upande wa pili unaonekana mweupe. Kwa barabara za toleo la 1991 sheria hiyo ina maana ya kukaa kulia, kwa kuwa tuko California. Wachezaji wa Afrika Mashariki waliozoea kushika kushoto huhitaji muda kidogo kuizoea.

Kwa nini picha ya toleo la Mega Drive inakatakata?

Prosesa kuu ya Mega Drive, Motorola 68000, ilikuwa na kasi ya takribani megahezi 7.6, na mashine hiyo haikuwa na kifaa maalumu cha kukuza na kupunguza picha. Kwa hiyo gari linapokuja kutoka mbali, mashine inalazimika kutumia picha za ukubwa mbalimbali zilizochorwa tayari, na wakati huohuo kuchora upya barabara inayopinda, kupanda na kushuka. Kazi hiyo ilikuwa nzito kuliko uwezo, na matokeo yake ni idadi ndogo ya picha kwa sekunde. Anayetoka kwenye gemu za leo ataliona hilo katika dakika ya kwanza. Binafsi naona lilikuwa badilishano la haki: wangeweza kutengeneza barabara tambarare yenye picha laini, lakini bila vilima Road Rash isingekuwa Road Rash.

Anayeweza kuicheza kwenye televisheni ya chogo ataona pia kwamba mikato hiyo haionekani wazi kama inavyoonekana kwenye kioo bapa kikubwa, kwa kuwa michoro yenyewe ilikusudiwa vioo vya namna hiyo.

Matoleo ni mengi. Yanatofautianaje?

Baada ya lile la kwanza, ambalo lilihamishiwa pia kwenye Amiga, Master System, Game Gear na Game Boy, Electronic Arts ilitoa Road Rash II mwaka 1992, tena kwa Mega Drive. Hili lilitoka California na kuzunguka Marekani: Alaska, Hawaii, Arizona, Tennessee na Vermont. Lilikaza sharti la kufuzu hadi nafasi ya tatu, likaongeza pikipiki zenye nitro, yaani msukumo wa ghafla wa kasi, ambazo kilele chake ni Wild Thing 2000, na likawawezesha watu wawili kucheza kwa pamoja kioo kikiwa kimegawanywa. Kwa maoni yangu ndilo bora miongoni mwa matoleo ya Mega Drive, kwa sababu halikubadilisha kilichokuwa kizuri.

Mwaka 1994 likaja toleo ambalo jina lake ni Road Rash tu, na hapo ndipo mkanganyiko wa watu wengi unapoanzia. Lilitengenezwa kwa ajili ya 3DO, mashine ya kampuni iliyoanzishwa na Trip Hawkins, mwanzilishi huyohuyo wa Electronic Arts, ambayo ilipoingia sokoni Marekani mwaka 1993 iliuzwa kwa karibu dola 700, bei ambayo watu wachache waliimudu. Gemu yenyewe iliwekwa kwenye CD, ikawa na wahusika wa kuchagua, filamu fupi za waigizaji halisi, na barabara mpya, zikiwamo za mjini. Katika miaka ya 1995 na 1996 ilipelekwa kwenye Sega CD, PlayStation, Sega Saturn na Windows. Toleo la Windows, la mwaka 1996, ndilo wengi wetu tunalolikumbuka tunaposema Road Rash, kwa kuwa kompyuta zilitufikia kabla ya mashine nyingi za gemu, na CD yake ilizunguka kutoka mkono hadi mkono.

Road Rash 3 ya mwaka 1995 ilirudi kwenye Mega Drive na kuzunguka dunia. Ilimruhusu mchezaji kuiongezea pikipiki yake vifaa badala ya kusubiri kununua nyingine. Road Rash 3D ya 1998 kwa PlayStation ilipunguza uzito wa mapigano na kuegemea zaidi kwenye mbio, na wahakiki wengi waliinung'unikia kwa sababu hiyohiyo. Road Rash 64 ya 1999 haikutengenezwa na Electronic Arts bali na Pacific Coast Power & Light, ikatolewa na THQ kwa Nintendo 64. Sura yake si nzuri, lakini ikichezwa na watu wanne kwa pamoja ni burudani kubwa. Road Rash: Jailbreak ilitoka mwaka 2000 kwa PlayStation, ikaongeza pikipiki yenye kigari cha pembeni ambamo mtu wa pili hukaa, pamoja na mtindo wa kucheza ukiwa askari. Mwaka 2003 jina hilo likatumika tena kwa gemu ya Game Boy Advance, na tangu hapo hakuna Road Rash nyingine iliyotoka.

Ni kweli kwamba Kenya imo katika mojawapo ya matoleo?

Ni kweli. Katika Road Rash 3 mchezaji hupita katika nchi saba: Brazili, Uingereza, Ujerumani, Italia, Australia, Japani na Kenya. Kenya ndiyo nchi pekee ya Afrika iliyomo. Mwaka 1995 gemu za mbio zilizowekwa Afrika zilikuwa chache, na mara nyingi zilipokuja hapa zilifuata njia ya mashindano ya magari ya Safari. Kuikuta Kenya ikihesabiwa pamoja na Italia na Japani, kama barabara mojawapo ya duniani ambayo mwendeshaji anatakiwa aimudu, kulikuwa na uzito kwa mchezaji wa huku. Asitarajie lakini kuona Nairobi au Mombasa anayoifahamu. Kama ilivyo kwa nchi nyingine zote katika toleo hilo, kinachoonyeshwa ni mandhari ya jumla kama msanii wa California alivyoiwazia.

Nyimbo za rock zinasikika kwenye menyu lakini zinatoweka mbio zikianza. Je, CD yangu ni mbovu?

CD yako ni nzima. Toleo la 1994 na yale yaliyotokana nalo yalitumia nyimbo za bendi halisi za wakati ule, zikiwamo Soundgarden, Monster Magnet, Paw, Hammerbox, Swervedriver na Therapy?, jambo lililokuwa geni kwa gemu za nyumbani. Nyimbo hizo ziliwekwa kwenye menyu na filamu fupi, na wakati wa mbio husikika muziki uliotungwa kwa ajili ya gemu. Kisomaji cha CD kina kichwa kimoja cha kusoma, na kichwa hicho hakiwezi kuvuta data za barabara na kupiga wimbo kutoka sehemu nyingine ya CD kwa wakati uleule bila mashine kusitasita. Wapo waliokuwa wakikaa kwenye menyu ya Der Panzer Klub, klabu ya ndani ya gemu hiyo, bila kuanzisha mbio ili wausikilize wimbo hadi mwisho.

Tofauti kati ya Thrash Mode na Big Game Mode ni nini?

Hii ni mitindo miwili ya kucheza katika toleo la 1994 na yale yaliyotokana nalo. Thrash Mode ni mbio za mara moja, bila fedha wala masharti, na zinafaa kwa mazoezi. Big Game Mode ndiyo gemu kamili yenye fedha, duka, hatua tano na hatari ya kufilisika. Mtu aliyecheza Thrash Mode peke yake ameziona barabara, lakini hajaijua Road Rash, kwa maana pigo ambalo halina gharama halina uamuzi ndani yake.

Nimeandika neno la siri la Mega Drive na limekataliwa. Kwa nini?

Toleo hilo halihifadhi maendeleo yako ndani ya katriji, bali hukupa mfuatano wa herufi na tarakimu unaopaswa kuunakili. Mara nyingi kosa ni kuchanganya herufi O na sifuri, au I na moja. Ukiandika kwa mkono, weka alama ya kukata katikati ya sifuri, au piga picha ya kioo kwa simu.

Ninaweza kuipata wapi leo kwa njia halali?

Njia rahisi ni kununua nakala ya mtumba ya katriji au CD pamoja na mashine yake. Road Rash II imo ndani ya Sega Mega Drive Mini ya mwaka 2019, kimashine kidogo chenye gemu zilizowekwa tayari, na matoleo yote matatu ya Mega Drive yalijumuishwa katika mkusanyo uitwao EA Replay wa mwaka 2006 kwa PSP, mashine ya gemu ya mkononi. Haki za gemu hizi bado zina mwenyewe, hata kama haziuzwi tena madukani, kwa hiyo faili zinazosambazwa bure mtandaoni hazijawa halali kwa sababu tu zimezeeka. Zaidi ya hayo, faili nyingi za Windows zenye jina la Road Rash zimebebeshwa virusi. Anayepakua kutoka mahali asipopajua anaihatarisha kompyuta yake yote kwa ajili ya gemu moja.

Nina CD halisi ya Windows, lakini haikubali kwenye kompyuta mpya.

Toleo hilo lilitengenezwa enzi za Windows 95, na programu nyingi za kusakinisha za wakati huo zilikuwa za biti 16, ambazo Windows ya biti 64 haiziendeshi kabisa. Ikiwa usakinishaji ndio unaogoma, suluhisho la uhakika ni kutumia kompyuta ya zamani au mashine pepe, yaani programu inayoiga kompyuta nyingine, iliyowekwa Windows ya zamani. Ikiwa gemu imesakinishwa lakini rangi zinaharibika au inajifunga, bofya kulia faili yake, ingia kwenye sifa zake, kisha chagua upatanifu wa Windows 95 pamoja na rangi 256. Jaribu hayo mawili pamoja kabla ya kujaribu jambo jingine lolote.

Je, inafaa kwa watoto?

Matoleo ya Mega Drive hayana damu ya kuogofya, na anayeangushwa huinuka na kuendelea. Pamoja na hayo, ni gemu inayomzawadia mtu kwa kukimbia dhidi ya magari na kumkwepa askari, na katika nchi zetu, ambako mtoto hupakiwa kwenye bodaboda kwenda shule kila siku, ningependa mzazi aketi naye walau mara za kwanza. Kuna jambo la kumwonyesha pale mwendeshaji anapoinuka na kukimbilia pikipiki yake: barabarani kwa kweli mtu hainuki hivyo. Matoleo ya CD yana filamu fupi na utani wa kiutu uzima, kwa hiyo ningeyaacha kwa vijana wakubwa.

Kuna gemu mpya zilizofuata nyayo zake?

Electronic Arts yenyewe ilitumia ufundi wa Road Rash kutengeneza Skitchin' mwaka 1994, ambamo washindani huvaa viatu vya magurudumu na kujishikiza nyuma ya magari. Katika miaka ya karibuni iliyo maarufu zaidi ni Road Redemption, iliyochangiwa fedha na mashabiki kupitia Kickstarter mwaka 2013 na kukamilika mwaka 2017. Inaruhusu hadi watu wanne kugawana kioo kimoja, na imeongeza mapanga na bunduki. Ukifa unaanza upya safari, ila maboresho uliyoyanunua yanabaki. Ni gemu nzuri, lakini uzito umehamia kwenye silaha, na mbio zenyewe zimekuwa njia ya kukufikisha kwenye pambano linalofuata. Anayeitafuta ile hesabu ya zamani, ya kuamua kama pigo hili linastahili hatari yake, ataipata kwa sehemu tu.

Nianze na toleo gani?

Kama unacheza peke yako na hujali michoro ya zamani, anza na Road Rash II. Kama una mwenzako wa kucheza naye, anza na hilohilo, kwa sababu ya kioo kinachogawanywa. Anayetaka sura na sauti za miaka ya 1990 achukue toleo la PlayStation au la Windows, aingie Big Game Mode, na abaki na pikipiki yake ya kwanza hadi amalize mbio tatu au nne bila kuanguka hata mara moja ndipo aende dukani.